Herufi N Yenye Mguu Mnene

Enzi zetu pale Mwisenge, Musoma, mtu hakuitwa mbunifu kwa sababu anamiliki kompyuta. Aliitwa hivyo pale jirani alipokuja asubuhi kupiga hodi, akaomba aazimwe mchoro wa kufumia, na kabla hajaondoka jirani wa pili naye yuko mlangoni na ombi hilohilo. Naandika haya nikiwa na hasira, tena hasira ya siku nyingi. Wenzangu mliolala mchana kwenye makochi ya mbao mkaamka na alama za uzi zimechorwa shavuni, ninyi mtanielewa. Vijana wa leo watasema mama huyu ana stresi. Waseme.

Mama yangu mtaa mzima ulimwita Mama Nyangeta, kwa jina langu mimi, kifungua mimba wake. Alikuwa akifuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia. Wanawake wengi wa Mwisenge walifuma, hilo si jambo la ajabu. Wengine walifuma maua, wengine bata wawili wanaotazamana, wengine zabibu ambazo hawajawahi kuziona zikiota. Mama yangu alifuma maandishi. Alichukua daftari la hesabu lile lenye viboksi, akachora herufi kwa kujaza kiboksi kimoja baada ya kingine kwa kalamu ya bluu, kisha akazihamishia kwenye uzi. Kiboksi kilichojazwa kilikuwa uzi uliobana, kiboksi kitupu kilikuwa tundu. Kila herufi ilikuwa na viboksi saba kwenda juu, na miguu yake ilikuwa minene, viboksi viwili viwili, maana yeye alitaka mgeni asome akiwa bado mlangoni anavua viatu. Herufi O yake ilikuwa na kona nne kama dirisha. Q na X hazikuwepo kabisa; alisema hajapata kuona bibi harusi mwenye shida nazo.

Maana kazi kubwa ilikuwa ya mabibi harusi. Enzi hizo binti hakutoka kwao mikono mitupu. Siku ya kumuaga, akina mama wa mtaa walikuja na vyombo, na juu ya vyombo vile paliwekwa seti ya vitambaa vya sebule yake mpya, vimepigwa wanga wa muhogo mpaka vimekauka kama karatasi. Kwenye kochi refu lilikaa jina la binti, kwenye kochi la baba mwenye nyumba jina la mume. Vitambaa vilikunjuliwa kimoja kimoja mbele ya wageni, jina likasomwa kwa sauti, vigelegele vikapigwa. Binti ambaye hakuwa na kitambaa chenye jina lake aliolewa tu, lakini wifi zake walimkumbusha kwa miaka.

Mimi nilikuwa msomaji. Mama hakuweza kushika uzi na kutazama daftari kwa wakati mmoja, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda miguuni pake, nikifuata mstari kwa kidole, nikisoma: jaza mbili, ruka tatu, jaza mbili, ruka moja. Yeye alifuma bila kuinua uso. Nikisoma haraka alinipiga kidogo kichwani kwa kidole chenye uzi. "Nyangeta, uzi hauna mbio," alisema. Nilianza kazi hiyo nikiwa darasa la pili. Hesabu za shule zilinishinda, lakini za viboksi nilizisoma hata usingizini, dada zangu ni mashahidi.

Msidhani tulikaa ndani tu kama hawa wanangu, ambao jua wanaliona kwenye picha. Asubuhi tulikwenda shule na fagio na kidumu cha maji, tukamwagilia miche ya mwalimu, tukapigwa kwa kuchelewa ilhali aliyetuchelewesha ni foleni ya bomba. Mchana tulishuka ziwani kufua, tukirudi nguo safi zinanuka dagaa waliokuwa wameanikwa juu ya mawe pembeni. Jioni tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ulegee. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na furu wa mchuzi, samaki mdogo mwenye miba mingi kuliko nyama, na hakuna aliyeuliza kama kuna kitu kingine. Leo mtoto anaangalia sahani ya sato mzima, anasema hana hamu, halafu anaipiga picha.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifikisha hapa. Nilikuwa na miaka tisa. Dada mmoja wa mtaani kwetu, Neema, alikuwa anaolewa na kijana anayeitwa Magori, na mama alipewa kazi ya seti nzima. Alianza na kitambaa cha kochi refu, NEEMA. Kazi ile huanzia chini kwenda juu, na siku hiyo ya kwanza wenzangu walikuwa wanacheza rede nje ya dirisha letu. Mimi niko kwenye kigoda, macho daftarini, masikio barabarani. Nilipofika mguu wa mwisho wa herufi N, palipojazwa viboksi viwili nikasoma jaza tatu. Mstari uliofuata nikarudia vilevile.

Wiki tatu zilipita hakuna aliyegundua. Kitambaa kilipomalizika, kikapigwa wanga na kutandazwa juu ya kanga kikauke, ndipo mama akarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Herufi N ilikuwa imevimba mguu mmoja kwa chini, kama mtu aliyetoka nyumbani amevaa raba moja na ndala moja. Nilijua nimekwisha. Kukifumua isingewezekana, siku zilizobaki zilikuwa chache na vitambaa vidogo bado. Mama akachukua kalamu ya bluu, akafungua daftari, akajaza viboksi viwili zaidi kwenye N ya mchoro.

"Kosa likiwa moja ni aibu," alisema. "Yakiwa sita ni mtindo."

Na vikatoka hivyo vyote vyenye jina la Neema, kila N na mguu wake mnene. Siku ya kumuaga wanawake walizishangilia zile N kuliko herufi nyingine yoyote. Mwezi uliofuata walikuja kuazima daftari wakitaka "ile yenye kiatu". Mama aliniangalia juu ya vichwa vyao, na sikupigwa. Kwa miaka iliyofuata sidhani kama palikuwa na sebule Mwisenge ambayo kosa langu halikuingia, na nilitembea mtaani kifua mbele kana kwamba nilikusudia.

Halafu tukakua. Hapa hasira yangu inabidi inigeukie mimi mwenyewe kidogo, nisijifanye malaika. Nilipofaulu kwenda sekondari nilihitaji karatasi za hesabu, na daftari la mama lilikuwa na kurasa safi nyuma. Nikazichana. Lililobaki likalegea mgongo, likawa linapoteza ukurasa mmoja mmoja, na ukurasa wa mwisho ninaoukumbuka niliutumia mimi, kwa mikono yangu hii, kuwashia jiko la mkaa. Mama alikuwepo. Alisema tu, "Mwanangu anasoma," akasogeza sufuria. Baba alipostaafu walihamia Butiama, nyumbani kwao kwenye shamba. Baba alitangulia mbele ya haki, mama akabaki, na macho yake yakaanza kufifia mpaka sasa anatofautisha mchana na usiku tu.

Mwaka huu nilikwenda Bunda kwenye msiba. Naingia stendi, nainua macho, naona bango kubwa la duka jipya la simu: TUNAFUNGUA JUMAMOSI. Herufi nene, nyeusi juu ya njano, za viboksi. Na kwenye neno lile la kwanza N mbili, zote zimevaa raba moja.

Niliganda. Dereva wa bajaji akanipigia honi, nikamwambia anigonge basi. Ile ilikuwa N ya mama yangu, ile ilikuwa N yangu mimi ya miaka tisa, imetundikwa juu inatangaza simu. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweka viboksi vile pale, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anasikiliza rede siku ile. Niliingia dukani, walikokuwa bado wanapanga bidhaa, nikauliza bango kachora nani. Wakanielekeza mtaa wa Nyasura, kwenye stesheneri moja, nimuulize Gloria. Msiba ulinisubiri kidogo, Mungu anisamehe.

Gloria ni binti wa miaka ishirini na mbili hivi, nywele fupi, fulana kubwa, amekaa nyuma ya kompyuta. Alinyanyuka akaniamkia vizuri, hilo nampa. "Shikamoo mama. Karibu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyechora herufi za bango la stendi?"

Uso ukamng'aa. "Ndiyo mama. Umezipenda? Wenzangu wanashushaga tu fonti za watu mtandaoni. Hii nimetengeneza mwenyewe."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione. Kulikuwa na ukurasa mzima, A mpaka Z na tarakimu, na maelezo kwa Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili bila mimi kuomba: fonti nene ya mtindo wa kizamani, kwa ajili ya mabango, fulana na vichwa vya habari, iliyotokana na herufi za magemu ya kompyuta ya miaka ya themanini. Tena kulikuwa na sentensi ya kuisifu N, kwamba mguu wake unaipa haiba.

Magemu! Miaka ya themanini mimi nilikuwa Mwisenge, najumlisha kwa vizibo vya soda. Gemu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mpira wa soksi. Nilimwambia hivyo, na sauti yangu nadhani ilifika barabarani, kwa sababu mteja aliyekuwa anatoa kopi alikusanya karatasi zake akaenda kusimama nje.

"Hii N umeitoa wapi? Sema kweli."

Akashtuka. "Kwenye kitambaa cha bibi yangu, mama. Bibi Neema. Anakitandikaga kwenye kochi wageni wakija."

Nikatafuta kiti nikakaa. Mjukuu wa Neema. Kitambaa kilekile.

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo? Kwa nini umeandika magemu?"

"Mama, watu wanaozishusha wengi wako nje huko. Nikiandika kitambaa cha kochi cha bibi, nani ataelewa? Gemu wanaielewa wote."

"Na aliyekifuma?"

"Nilimuulizaga bibi. Akasema jina limemtoka, ni mama mmoja wa Mwisenge kule. Kitambaa chenyewe hakina jina la fundi, mama. Nilitafuta kabisa, mbele na nyuma."

Ni kweli hakina. Mama yangu aliandika majina ya nusu ya mabibi harusi wa Musoma na hakuwahi kuandika lake hata pembeni, hata kwa herufi ndogo. Enzi zile hapakuwa na haja, kila mtu aliijua kazi ya nani ni ipi. Sasa waliojua wanazikwa mmoja mmoja, Neema mwenyewe kasahau, na mama yangu yuko hai Butiama, anapumua, huku herufi zake zinatembea dunia nzima kwa jina la mashine. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa amekufa ningelia nikanyamaza. Lakini yuko hai, na nilitaka alisikie jina lake likitajwa kabla hajaondoka.

Nilimsimulia Gloria yote, na kosa la N pia. Alicheka mpaka akafunika mdomo. "Jamani! Mimi nilijua ni staili." Kisha akawa mpole. Akanieleza kwamba kitambaa cha NEEMA na kile cha MAGORI vilimpa herufi nane tu, nyingine zote alizibuni. Nilikuwa nimeshaona. T yake ilikuwa na mabega membamba, S yake imejikunja kama ina tumbo la kuuma. "Niletee daftari la mama yako," akasema. "Nafuta za kwangu zote, naweka zake, na jina lake linakaa juu kabisa. Naapa."

Daftari. Ilibidi nimwambie binti wa watu, niliyekuwa nimemfokea dakika tano zilizopita, kwamba daftari nililichoma mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Butiama na daftari jipya la viboksi. Nilimkuta mama jikoni anatoa mawe kwenye maharage kwa vidole. Nikamwaga hasira yangu yote: bango, kompyuta, magemu, Gloria. Aliendelea na maharage.

"Huyo mjukuu wa Neema, anajua kufuma?"

"Hajui, mama. Anachora kwenye kompyuta."

"Kwa viboksi?"

"Kwa viboksi."

"Basi anajua," alisema mama.

Nikamkasirikia na yeye pia. Nilimwambia haiwezekani aliyeibiwa akamtetea mwizi. Akasema kitambaa kikishatoka nyumbani kwako ni cha watu, na wanawake wa Mwisenge waliazima daftari lake miaka kumi bila mimi kuwaita wezi. Kisha akasema neno lililonikalisha chini. "Huyo amekaa na kitambaa akahesabu matundu. Wewe ulikuwa unafanyaga hivyo ukiwa mdogo. Uliachia wapi?"

Alipokubali kunisaidia tuligundua kwamba hawezi kuzisema. Nilimuuliza B ina viboksi vingapi chini, akabaki anachezesha vidole hewani, hakumbuki. Lakini nilipompa uzi na sindano, mikono ilikumbuka. Akafuma B, nami nikahesabu matundu nikajaza daftarini. Akafuma D. Akafuma K, na K ilipotoka na mkono wake ulionyooka nilitokwa machozi, kwa sababu nilikuwa nimeisahau kabisa na mara nikawaona wasichana wote wa mtaani walioanza na herufi ile, akina Koku na akina Kisa. Tulitumia Jumapili na Jumatatu. Niliomba ruhusa ya kazini kwa uongo, nikisema mama anaumwa, na yeye yuko pembeni anasikia, anatikisa kichwa.

Zilipokamilika nikamwambia, sasa fuma jina lako.

"Mama Nyangeta?"

"Hapana. Hilo ni langu. Jina lako."

Aliweka sindano mapajani. Mama yangu anaitwa Wegesa. Sidhani kama nilishalisikia mdomoni mwake zaidi ya mara tatu, na mara moja ilikuwa kwenye kituo cha kupigia kura. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akapotea katikati, akaanza upya.

"Sijawahi kulihesabu," alisema, na akacheka kwa aibu kama mtoto aliyekamatwa.

Zaidi ya miaka arobaini ya kufuma, na jina lake halijui lina viboksi vingapi. Sisi tuliokula, tukasoma, tukavaa sare kwa vidole vile, hakuna hata mmoja aliyemwambia, mama, leo fuma lako. Nawalaumu vijana kwa kusahau, lakini Gloria hakuwa amezaliwa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda miguuni pake.

Alilifuma kwa siku nne, kwenye kitambaa kidogo. Gloria naye alitimiza ahadi, nimsifu panapostahili. Alikuja Butiama na bibi yake Neema, wazee wakashikana mikono, wakaulizana nani bado yupo. Q na X amezibakiza za kwake, na mama alisema sawa, kila mtu na kazi yake. Fonti sasa inaitwa Wegesa. Wiki iliyopita nimeiona Musoma kwenye tangazo la mkutano wa injili, kubwa, na N zake zote zimevaa kiatu.

Na kitambaa mama alinipa mimi. Nilikileta nyumbani kimepigwa wanga, kimekunjwa kwenye kanga safi, nikakikunjua sebuleni. Enzi zetu nyumba ilikuwa na makochi mawili ya mbao na stuli moja, na kila kitu kilikuwa na kitambaa chake, redio ina chake, hata mtungi una chake. Nikakiweka kwenye sofa langu la ngozi, kikateleza. Nikakirudisha, kikateleza tena. Televisheni ni nyembamba, imebandikwa ukutani, haina mgongo wa kubeba kitu. Nikajaribu meza ya kioo, na binti yangu, bila kutoa macho kwenye simu, akasema, "Mama, hapo kinaharibu muonekano." Nilimfokea vya kutosha kwa mwaka mzima, akakimbilia chumbani.

Lakini alipoondoka nilibaki nimesimama katikati ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, jina la mama yangu liko mikononi, na sikuwa na pa kulitandika.